Fundi Aliyefumua Koti Langu

Hapa Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, ukitaka suruali unakwenda kwa fundi yeyote. Ukitaka suruali ya kumkosesha jirani usingizi, unakwenda kwa Mutsinzi, mtoto wa dada yangu. Mkono ule wa kushona aliurithi kwangu. Watu watakwambia sijawahi kutia hata kifungo, na hawasemi uongo, lakini kipaji cha ukoo hupitia kwa mjomba hata kama mjomba mwenyewe hakukigusa. Mimi vipaji vilinizidi, ikabidi vingine nigawie watoto.

Habari zake naziandika mwaka huu wa tisini na tatu, na ruhusa amenipa mwenyewe, ila amesema nisijisifu sana. Nimekubali kwa shingo upande. Sababu ya kuruhusu ni kwamba nyumba nyingi za mtaa huu zina mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma, na ukimuulizia unaambiwa amesafiri. Sasa hao wasafiri wana ndugu, na ndugu wanajua kusoma.

Shule nilifika darasa la tatu, mwalimu akaona nimemaliza alichokuwa nacho. Lakini Kiswahili, hapo niachie! Baba yangu alifanya biashara na watu wa Ujiji, kwa hiyo mimi l na r nazichambua kama mawe na mchele. Ujuzi huo ndio ulioniingiza matatani, utaona.

Mutsinzi alimwoa Mukandekezi, binti wa milima ya Gitarama, mrefu, mcheshi, mwenye mikono ya haraka. Mume alikaa ndani kwenye cherehani. Mke barazani, akipokea nguo za wateja, akitia vifungo, akipiga pindo. Kiswahili alikikuta mjini amekwisha kuwa mtu mzima, akakisema kama wengi wetu wa Kigali: l ikitaka kutoka inatoka r, na r ikitaka kutoka inatoka l. "Nguo yako iko tayali. Mume wangu anarara kidogo." Wateja walimpenda hivyo hivyo.

Mutsinzi alikuwa na wivu, na mwanzoni hatukuona kwamba hiyo ni habari. Kwetu mwanamume asiye na wivu ni mkasi butu, upo tu mezani. Nilikuwa nikimtania mbele ya wenzake:

"Mwacheni! Mtu ana saa ya dhahabu, aivue kila mpita njia anapouliza saa?"

Wakacheka. Wake za watu nao walimwonea gere Mukandekezi kwa kulindwa namna ile. Mke wangu, Mama Kaliza, alinikalia kooni:

"Mwenzio akisikia mkewe amekwenda bombani anatoka kumtazama. Wewe nikipotea leo, utaniulizia Jumamosi ukitafuta soksi."

Iliniuma. Nilimwonea wivu mtoto wa dada yangu kwa ajili ya wivu wake. Hebu ona dunia.

Kinyarwanda kina neno la wivu wa mke na lingine la wivu wa mali ya mwenzako. Kiswahili cha mtaani kinatupa neno moja, tunalala humo sote kama watoto chini ya blanketi moja. Ugonjwa nao ukaja, ukaingia chini ya blanketi hilo hilo, nasi tukadhani ni mmoja wetu.

Mwaka jana, masika yalipoanza, Mutsinzi alianza kufumua nguo za wateja. Mtu analeta suruali ipunguzwe kiuno. Anaikuta imefumuliwa mapindo, mifuko, mpaka mkanda. Mwanzoni alisema anaimarisha mishono. Baadaye alimwambia Mukandekezi anachotafuta: vijikaratasi ambavyo yeye mke anawashonea wanaume ndani ya nguo.

"Vikalatasi gani, baba?" mke akauliza.

"Unavyojua wewe."

Akawa anazinusa kola za mashati kama kuna sabuni ya mkewe. Chakula akala nusu, kisha robo. Usiku alikaa kitandani akisikiliza. Mchana cherehani yake ilikwenda bila uzi, pedali inapanda inashuka, yeye ameinamisha sikio.

Na wakati wenyewe ulimsitiri. Tangu vita vianze kule mpakani mwaka wa tisini, Kigali nzima ilitazamana kwa pembe ya jicho. Redio inasema jihadharini, vyama vinaviziana, baa ikiingia mgeni wote wananyamaza. Mtu akisema "kuna watu wananifuata" hakuna aliyemwambia kapumzike, aliulizwa, "Wangapi?" Mgonjwa wa kushuku akijificha katikati ya mji unaoshuku, utamwona na nini?

Siku moja mchana, mteja mmoja wa Nyakabanda alikuja na suti yake ya harusi. Meza ya baraza ilikuwa imejaa vitambaa, akasita aiweke wapi. Mukandekezi akasogeza vitambaa pembeni, akamwambia kwa furaha yake ya siku zote:

"Reta tu, mahari iko!"

Alitaka kusema mahali. Pana nafasi, weka. Lakini Mutsinzi ndani alisikia mahari, tena mahari ya suti. Akatoka na mita shingoni, macho mekundu.

"Mahari? Amekuletea mahari? Mimi niliyekutolea ng'ombe ni nani, mchungaji?"

Mtaa mzima ulicheka. Mwenye baiskeli aliteremka ili acheke vizuri. Mteja alikumbatia suti yake akaondoka kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia. Nami nilipofika nilicheka kuliko wote, kisha nikatoa hukumu, maana mtaani hukumu natoa mimi:

"Mpwa wangu, hapa hakuna mwanamume. Kuna herufi. Nipe huyu mkeo, nitamnyoosha ulimi, na nyumba yako itatulia."

Niliona kama nimegundua dawa ya malaria.

Basi Mukandekezi akawa anakuja barazani kwangu asubuhi, na Mama Kaliza anakaa mlangoni na ungo wa maharage yaliyokwisha kuchaguliwa tangu jana.

"Sema mahali."

"Mahari."

"Ulimi upande juu, uguse nyuma ya meno. Ma-ha-li."

"Ma-ha-ri. Mjomba, urimi wangu mzito."

"Ulimi, si urimi. Tazama mdomo wangu."

"Atazame mdomo wako kwa nini?" Mama Kaliza akasema kutoka mlangoni. "Una nini mdomo huo? Mimi umenioa na sijui kusoma, hujanifundisha hata herufi moja."

"Wewe hukuhitaji, mke wangu. Ulinifokea kwa ufasaha tangu siku ya kwanza."

"Cheka tu." Akayageuza maharage yakalia kama mvua ya mawe.

Wivu, kumbe, unaambukiza kama upele. Lakini angalia tofauti, ndugu msomaji, kwa sababu ndipo jambo lilipo. Somo lilipokwisha Mama Kaliza alinuna, akanipakulia chakula kidogo, jioni akaniuliza kama nataka chai. Wivu wake ulikula, ukashiba, ukalala.

Mukandekezi alifaulu. Alisema mahali, akasema lala, akasema ulimi, hata mimi mwalimu nilisisimka. Akaenda dukani akamwambia mumewe kwa heshima zote: "Baba, weka mkasi mahali pake."

Mutsinzi akauweka mkasi. Halafu akauliza taratibu:

"Na hiyo umefundishwa na nani kuisema vizuri hivyo?"

Umeona? Tulimwondolea sababu, ugonjwa ukatafuta nyingine kabla ya jioni. Na sababu hiyo nyingine nilikuwa mimi.

Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu amekumbatia koti langu la sikukuu. Nilikuwa nimempa abadilishe bitana. Aliliweka juu ya mkeka, na halikuwa koti tena. Alikuwa amelifumua mshono kwa mshono: mikono miwili, kola, mabega, mifuko, bitana, kila kipande kimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya mwenzake. Hakuna palipochanika hata uzi mmoja. Kazi safi ya kutisha.

"Nimetafuta mpaka mwisho, Mjomba," akasema. "Umekificha wapi?"

"Nini, mwanangu?"

"Cherehani inakutaja. Nikikanyaga inasema jina lako. Mjo-mba, mjo-mba. Nikiacha kukanyaga inaendelea."

Mimi ni mtu wa maneno, mtaa mzima unajua. Siku hiyo nilihesabu vipande vya koti tu. Mkasi mkubwa ulikuwa mfukoni mwake, mshikio umechomoza. Mashavu yalikuwa yamezama, na machoni sikuona hasira. Niliona hofu, ya mtu anayezama katika mto anaouona peke yake.

Mukandekezi alikuwa amemfuata, amesimama njiani, shingoni ana alama ya vidole iliyokuwa bado mbichi.

"Mjomba," akasema, "hii si wivu. Wivu inalala. Huyu halali usingizi."

Kila l ilikaa mahali pake, na sikujisifu.

Mutsinzi alikaa juu ya mkeka kando ya koti langu, Mama Kaliza akampa maji, akanywa. Mkasi aliutoa mwenyewe akampa Mama Kaliza, kama mtoto anayekabidhi kitu kilichomchosha kubeba. Nikatuma aitwe dada yangu. Dada yangu hajui kunong'ona. Alianza kusema akiwa bado barabarani.

"Nilisema! Msichana wa Gitarama huyo amemlisha mwanangu inzaratsi!"

Inzaratsi ni dawa ya mapenzi, ile ambayo mwanamke husemwa ametia kwenye chakula ili mume asitazame pengine. Ikizidi, wanasema, mume anarukwa na akili. Kwa maneno hayo wake wengi wamefukuzwa na vyombo vyao kichwani.

"Mama," Mukandekezi akajibu, "ningemlisha dawa ya kunipenda, ningemlisha ya kunikaba? Leo mimi nikiondoka, atabaki na nani wa kumshuku? Wewe. Mimi naweza kuondoka. Kwetu wapo. Sema niondoke, au sema twende Ndera."

Ndera ni kilima cha nje ya mji chenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwa watu wa Kigali jina hilo ni tusi. Watoto wakigombana mpira wanaambiana "wa Ndera wewe". Dada yangu akakaa chini.

"Akiingia Ndera, nani atampa nguo ashone? Nani ataoa kwetu?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema Mama Kaliza, ambaye siku hiyo hakuwa na muda wa kuninunia. "Tena hapa kifo si cha mgonjwa. Mtazame binti shingo."

Hapo mimi nikaleta akili yangu. "Tumdanganye. Tumwambie Ndera kuna kazi ya kushona sare. Akifika, milango inafungwa, tumemaliza."

Mukandekezi akanigeukia. Mke wa mpwa wangu hajawahi kunitazama namna ile, wala simtakii mtu.

"Mjomba, mtu anatafuta uongo katika kila mshono, na wewe unataka kumpa wa kweli? Akiupata, atatuamini tena lini?"

Akaenda akaketi karibu na mumewe, lakini si karibu sana, mgongo wake kwenye mlango.

"Baba. Wewe unasema kuna mwanamume. Mimi nasema hakuna. Leo sibishani. Lakini hulali, huli, na cherehani inakusemesha hata ukiiacha. Hayo umeyasema mwenyewe. Umechoka?"

Mutsinzi alipapasa kipande cha bitana ya koti langu.

"Nimechoka sana," akasema.

"Twende kwa muganga kwa ajili ya kuchoka. Mimi nitakuwa hapo."

"Na Mjomba asikae karibu yako."

"Mjomba atakaa mbele na dereva."

Tukakodi teksi; wanne, pamoja na Mama Kaliza, wakabanana nyuma, nikakaa mbele na dereva. Pale kwenye kizuizi cha barabara baada ya Remera askari alituuliza tunakwenda wapi, vitambulisho viko mikononi, dada yangu anasoma dua. Dereva akasema Ndera. Askari akarudi hatua nyuma, akainua kamba haraka. Miaka hii yote, ni siku hiyo tu kizuizi kilituogopa sisi.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamama aitwaye Umuhoza, sauti ya chini. Alizungumza na Mutsinzi kwanza, peke yake, kwa muda mrefu. Nilikasirika kidogo, maana mimi ndiye niliyekuwa na habari kamili. Kisha akatuita. Dada yangu akamwuliza kuhusu inzaratsi.

"Mama, ubongo ni kiungo kama ini," akasema. "Ini likiugua macho yanakuwa njano. Ubongo ukiugua, mtu anasikia sauti ambazo hazipo, anaamini jambo na huwezi kumtoa. Hajaamua. Hukumzaa vibaya, na mkewe hakumlisha kitu. Katika ukoo wenu hajatokea mwingine?"

"Hakuna," nikasema.

"Baba Mdogo wetu aliyekuwa akiongea na mbuzi?" akasema dada yangu.

"Yule alikuwa mcheshi."

Umuhoza hakucheka. Alituambia vidonge vitachukua wiki kadhaa kumtuliza, na atavimeza hata akijisikia mzima, kwa sababu kujisikia mzima ndiko kunakowadanganya wengi wakaacha. Ugonjwa unaweza kurudi. Unatanguliwa na kukosa usingizi, mjue hapo. Cherehani si mbaya, kazi itamsaidia. Mkasi ulale kwa jirani mpaka atulie.

"Akisema kuna mwanamume, msibishane naye, atalinda imani yake kama mtu anayelinda nyumba. Wala msimkubalie ili anyamaze. Mwambieni mnachokiona: una hofu, hujalala."

"Ndivyo nilivyomwambia mimi," nikasema.

Mukandekezi aliniangalia. Nikakohoa.

"Na wewe, dada," Umuhoza akamgeukia, "ukiogopa, toka nje, nenda kwa huyu mama." Akamwonyesha Mama Kaliza. "Kuogopa si kumtupa."

Alilazwa. Watu wakauliza, tukasema amesafiri, mpaka siku Mukandekezi alipomjibu mteja mbele ya baraza zima: "Anaumwa, iko Ndera, akipona atashona." Mteja akakuna kichwa. Akaacha kitambaa.

Aliporudi alikuwa mnene kidogo, mpole, na mikono inatetemeka. Vidonge vilikuwa vimenyamazisha cherehani, lakini vilimwibia mkono. Mshono wake, ule ulionyooka kama barabara ya lami, sasa ulitambaa kama barabara ya Kagarama wakati wa mvua. Mafundi wenzake, ambao kwa miaka walimhusudu mpaka wakakonda, walianza kupita wakitazama na kumpa pole zenye mate ya furaha. Hilo ndilo lililomuuma. Nilimsikia akimwambia mkewe:

"Bora niwe mwenda wazimu anayeshona kuliko mzima asiyeshona."

"Na mimi bora niwe wapi?" mke akauliza.

Akainama kwenye cherehani. Lakini vidonge alivipunguza kwa siri, kimoja leo, kingine kesho. Mkono ukaanza kunyooka. Sote tulifurahi, wajinga sisi. Mukandekezi peke yake hakufurahi. Alisema anamsikia usiku akigeuka.

Kisha ikaja alasiri moja niliyokuwapo mwenyewe, nimekaa kwenye benchi la wateja nikieleza jambo. Kijana mmoja mtanashati, Mugenzi, aliingia kupimwa suti. Mutsinzi akachukua mita. Mugenzi akainua mikono. Mukandekezi akamkaribisha mgeni kama anavyowakaribisha wote, kwa meno yake yote. Mutsinzi akasimama, mita imemzunguka Mugenzi kifuani, hakuifunga wala hakuiachia. Mtaani watu wakaanza kusogea. Wana pua ya tamasha, hawa. Mwenye baiskeli aliteremka.

Mukandekezi alisogea taratibu mpaka mlango ukawa nyuma yake. Mkasi, naapa, ulikuwa mezani. Ulikuwa umerudi kutoka kwa jirani tangu mkono uliponyooka.

"Mukandekezi," Mutsinzi akasema, sauti inatetemeka badala ya mkono. "Imekuja tena."

"Inasema nini?"

"Inasema mnajuana. Nawaona kabisa mnajuana."

"Mimi simjui. Lakini nimekusikia. Umelala jana?"

"Hapana. Vidonge nimeacha."

Mtaa ulikuwa umetega masikio. Mwanamume kusema hivyo mbele ya watu, mbele ya mafundi wenzake! Angeweza kuuchukua mkasi, na wote wangemwelewa, ndivyo tulivyo. Wangesema wivu wa mume. Aliiachia mita ikaanguka. Akausukuma mkasi kwangu na ncha ikielekea kwake.

"Shika, Mjomba. Twende kwa Umuhoza. Mwambie avibadilishe, kama vipo visivyokula mkono. Lakini twende sasa, kabla sijabadili nia."

Mukandekezi alichukua kanga yake na kitambulisho, hakulia, hakumwambia asante. Walishuka kuelekea barabara kuu ya Nyamirambo. Mwanzoni palikuwa na nafasi kati yao. Walipofika penye matope Mukandekezi alimshika mumewe mkono wa shati, hakuuachia tena.

Vidonge vilibadilishwa. Mkono bado unatetemeka kidogo asubuhi, kwa hiyo suti anashona mchana. Mukandekezi yupo. Amesema atakuwapo maadamu mumewe anasema inapokuja. Siku atakayoificha, Gitarama haijahama.

Lakini mimi alasiri ile nilibaki dukani na mkasi mkononi, na Mugenzi mikono juu, hajui kama aishushe. Mama Kaliza alikuwa amefika na umati. Alisimama kando yangu tukiwatazama wale wawili wakikata kona.

"Unatazama nini?" akaniuliza.

"Naona wivu," nikamwambia. "Tazama alivyoshikwa mkono."

"Mwenzio amesema anaumwa. Kwani wewe umewahi kuniambia unaumwa nini?"

Mugenzi akauliza kama apimwe au arudi kesho.